Mbuzi wa Idi na hisa za Tesla

*Maswali ya wasomaji kuhusu fedha*

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, mzaliwa wa Tanga, na sasa natimiza mwaka wa kumi na moja hapa Minneapolis, Marekani. Nafanya kazi ya kutunza wazee. Kila mshahara ukitoka, sehemu inakatwa inaenda kwenye akaunti ya kustaafu ya kazini, ile wanayoiita 401(k). Kwa mwezi inafika kama dola 300. Zote nimeziweka kwenye mfuko wa fahirisi ya S&P 500, kwa sababu siku ninaandikishwa kazi, dada mmoja wa Kikenya aliniambia weka hapo usahau. Nikasahau kweli, na zimekua.

Sasa mpwa wangu amenitia wasiwasi. Anasema mifuko hii inanunua tu, haiangalii kampuni ni nzuri au mbaya, kwa hiyo sisi wafanyakazi ndio tunaopandisha bei za kampuni kubwa bila kujijua. Hapohapo anasema kuna pesa ya bure: kampuni ikitangazwa kuingia S&P 500, mifuko yote inalazimika kuinunua, bei inapaa, kwa hiyo aliyewahi ndiye anayepata. Ananitajia Tesla, kampuni ya magari ya umeme, ilivyopanda mwaka 2020. Anataka nikope dola 6,000 kwenye akaunti yangu ninunue hisa za kampuni anayosema iko njiani kuingizwa. Mama, dola zangu 300 zinapandisha bei ya nani? Na huyu kijana ana hoja au hana?

*Mama wa Wawili, Minneapolis*

JIBU

Marahaba mwanangu. Mpwa wako ana hoja, tena ya maana, ila ameishika nusu. Nusu aliyoiacha ndiyo inayokula pesa za watu, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu huu.

Tuanze na dola zako 300. Fahirisi ni orodha ya kampuni pamoja na uzito wa kila moja. Kampuni ambayo hisa zake zote zilizo sokoni zina thamani kubwa inapewa uzito mkubwa, yenye thamani ndogo inapewa uzito mdogo. S&P 500, orodha ya kampuni kubwa za Marekani, kwa sura yake ya kampuni 500 ilianza tarehe 4 Machi 1957, na kwa miaka mingi ilikuwa kipimo tu, kama kipimajoto ukutani. John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard, ndiye aliyewafungulia watu wa kawaida mfuko wa kuinunua orodha nzima kama ilivyo, mwaka 1976. Alitarajia kukusanya dola milioni 150, akapata milioni 11 na ushei, na wenzake wakauita upumbavu wa Bogle. Kufikia mwisho wa mwaka 2023, mifuko ya Marekani inayofuata orodha kwa namna hii ilikuwa imeipita kwa utajiri, kwa mara ya kwanza, mifuko ambayo meneja anakaa kuchagua hisa moja moja. Kwa hiyo suala analolileta mpwa wako si dogo.

Mfuko wako ukipokea dola 300 unazigawa kwa uzito ule. Tesla ilipoingia kwenye orodha Desemba 2020, uzito wake ulikuwa kama asilimia 1.7. Ungekuwa unachangia mwezi ule, dola 5 hivi zingekwenda Tesla na zilizobaki zingegawanywa kwa wengine wote. Hivyo ndivyo unavyosukuma bei: unasukuma zote kwa pamoja, kila moja kwa kadiri ya ukubwa iliokuwa nao tayari. Dola zako hazimpi Tesla nafasi ya kumpita jirani yake. Zinainua safu nzima.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalioni, hata wasomi. Bei ya hisa fulani ikianguka kesho, mfuko wako haufanyi chochote. Hauuzi, haununui. Zile hisa ulizonazo zimepungua thamani, na uzito wa kampuni kwenye fahirisi umepungua kwa kiasi hichohicho, basi mfuko na orodha vinabaki sawasawa bila mtu kuinua simu. Chukua Meta, kampuni yenye Facebook. Tarehe 3 Februari 2022, baada ya kutoa hesabu ambazo hazikuwafurahisha watu, hisa zake zilianguka zaidi ya asilimia 26 kwa siku moja, zikafuta zaidi ya dola bilioni 230. Mifuko ya fahirisi ilikuwa imeshika hisa zake kwa wingi, na haikuweza kuzuia anguko lile wala haikulisababisha. Walioshusha bei ni wale wanaosoma hesabu, wakabishana, wakauza. Watu hao bado wapo, na ndio wanaopanga nani awe juu ya nani.

Sasa tuje mlangoni, maana mlangoni ndipo mifuko ya fahirisi inapoisukuma hisa moja kwa nguvu zake zote.

Jumatatu tarehe 16 Novemba 2020, soko likiwa limeshafungwa, ilitangazwa kwamba Tesla itaingia S&P 500, na kwamba itahesabiwa kuanzia Jumatatu tarehe 21 Desemba. Siku ya tangazo hisa moja ilifungia dola 408. Ijumaa tarehe 18 Desemba, siku ya mwisho kabla ya kuingia, ilifungia dola 695. Hiyo ni asilimia 70 kwa mwezi mmoja. (Bei hizi ni za wakati ule. Agosti 2022 Tesla iligawa kila hisa yake kuwa tatu, kwa hiyo ukitazama chati leo utakuta namba ndogo zaidi.) Ijumaa ile zaidi ya hisa milioni 200 zilibadilisha mikono, na nyingi zilipita kwenye mnada wa kufungia soko. Sababu ni kwamba meneja wa mfuko wa fahirisi hatafuti bei nafuu. Kazi yake ni kupata bei ileile ambayo fahirisi itaihesabu, yaani bei ya kufunga. Akinunua Jumatano kwa bei nafuu, kisha bei ikashuka zaidi Ijumaa, ameachana na orodha, na hilo ndilo kosa ambalo mwajiri wake hamsamehi. Basi wote wanasubiri dakika ileile.

Jumatatu, siku ya kwanza Tesla ikiwa ndani, ilifungia dola 650 hivi. Imeshuka asilimia 6.5.

Ukiwa umekulia pwani utakuwa umeshaona jambo hili kwenye soko la mbuzi. Kila mtu anajua Idi ya Kuchinja ni lini, na anayetaka kuchinja lazima awe na mbuzi asubuhi ile. Wa wiki ijayo hamsaidii. Mfanyabiashara mwenye akili hangoji. Mwezi mmoja kabla ameshashusha lori la mbuzi kutoka bara, anawalisha, anangoja. Siku mbili kabla ya Idi, mbuzi uliyezoea kumwona kwa shilingi 9,000 za Kenya unaambiwa 13,000, na unalipa. Idi ikipita bei inarudi. Waliofaidi ni wenye malori. Aliyenunua mkesha wa Idi akidhani bei itaendelea kupanda, amebaki na mbuzi anayekula majani.

Mpwa wako anataka uwe mwenye lori, na namwelewa. Lakini angalia wenye malori wamekuwa wangapi. Mwaka 1986 mchumi Andrei Shleifer alionyesha kwamba kampuni zilizoingizwa S&P 500 tangu 1976 zilipanda bei kwa karibu asilimia 3 kwa tangazo tu, ingawa hakuna kilichobadilika kwenye biashara zao. Miaka ya 1990 mruko huo ulifika wastani wa zaidi ya asilimia 7. Hapo kila dalali New York akaamka. Leo Robin Greenwood na Marco Sammon wa Harvard wamepima tena, wakakuta kwamba katika muongo uliokwisha mwaka 2020 mruko umeshuka chini ya asilimia 1. Malori yamekuwa mengi mno. Tena kuna sababu nyingine inayonipendeza kwa sababu ni ya kawaida kabisa: kampuni nyingi zinazoingia S&P 500 zinatoka S&P 400, fahirisi ya kampuni za kati. Siku mifuko ya 500 inaponunua, mifuko ya 400 inauza hisa hizohizo. Mbuzi anahamishwa zizi.

Tesla haikutoka S&P 400. Iliingia moja kwa moja kutoka nje, ikiwa kubwa kuliko kampuni yoyote iliyowahi kuingizwa, mahali pa kampuni ya nyumba za kupangisha iitwayo Apartment Investment and Management. Ndiyo maana kishindo kilikuwa kikubwa vile. Lakini hata hivyo usimkubalie mpwa wako kwamba asilimia 70 yote ni kazi ya fahirisi. Mwaka ule mzima Tesla ilipanda zaidi ya asilimia 700, miezi mingi ikiwa bado haimo. Na baada ya kushuka ile Jumatatu, Januari ilipanda tena ikapita dola 880. Ukiniuliza ni dola ngapi kati ya zile zilitokana na mlango na ngapi zilitokana na watu kuyapenda magari ya umeme, sitakuchorea mstari wa kutenganisha, na atakayekuchorea usimwamini.

Kuna sehemu moja ya kisa hiki ambayo nina hakika mpwa wako hakukusimulia. Kamati ya S&P inayoitunza orodha haifuati kanuni tupu, inachagua. Kufikia Julai 2020 Tesla ilikuwa imetimiza sharti la kupata faida kwa jumla ya robo mwaka nne mfululizo, na dunia nzima ikaamini itaingizwa Septemba. Watu wakanunua kwa imani hiyo. Ijumaa tarehe 4 Septemba majina yakatoka: Etsy, Teradyne na Catalent. Tesla haimo. Soko lilipofunguliwa tena Jumanne tarehe 8, hisa za Tesla zilianguka asilimia 21 kwa siku moja. Siku ile hisa za teknolojia zote zilikuwa na hali mbaya, sitaki kuficha hilo, lakini aliyekuwa amekopa kununua kwa ajili ya tangazo alipoteza zaidi ya moja ya tano ya pesa yake kabla ya chakula cha usiku. Kampuni anayokutajia mpwa wako "iko njiani kuingizwa" iko palepale Tesla ilipokuwa mwezi wa Agosti.

Nikueleze kwa nini neno "kopa", tena kwenye akiba ya uzeeni, limenishtua. Mwaka 1996 nilikuwa karani kwa dalali mmoja wa hisa Nairobi. Wageni walikuwa wameruhusiwa kununua kwenye soko letu mwaka mmoja tu nyuma. Kompyuta za mnada zilikuja 2006. Siku zile bei ziliandikwa ubaoni kwa kalamu ya wino, mtu anafuta, anaandika. Jumatatu moja kwenye faksi ikaingia karatasi kutoka ng'ambo: mfuko mmoja unataka hisa nyingi za kampuni fulani ya viwandani, kwa bei yoyote, ziwe zimekamilika Ijumaa. Hisa ile ilikuwa shilingi 38. Ilikuwa hisa ambayo wiki nyingine haiuzwi hata mara moja. Jumanne 40. Jumatano 42. Nilikuwa nikisimama nyuma ya meza na kuiona ile namba ikifutwa na kuandikwa upya, na kampuni yenyewe haikuwa imesema neno. Alhamisi akaja dirishani kwangu mwalimu mstaafu, kavaa koti la kahawia, kashika gazeti lililokunjwa kwenye ukurasa wa bei. Kaona hisa inapanda siku tatu mfululizo. Kaja na kiinua mgongo chake. Mimi ndiye niliyemjazia fomu, kwa mkono wangu, kwa shilingi 44, nikijua oda ya mgeni inaisha kesho yake na nikiwa sina ruhusa ya kumtamkia siri ya mteja mwingine. Wiki mbili baadaye ubao ulisoma 37. Alirudi mara moja kuuliza, "Kampuni imefanya kosa gani?" Haikuwa imefanya kosa lolote, na nilishindwa kumjibu.

Kwa hiyo hapana, mwanangu, usikope. Mkopo wa 401(k) una mtego wake pia: ukiacha kazi au ukiachishwa kabla hujamaliza kulipa, salio usipolirudisha kwa wakati linahesabiwa kama umelitoa. Linatozwa kodi, na kama hujafika miaka 59 na nusu kwa kawaida unaongezewa adhabu ya asilimia 10. Wewe unafanya kazi ya kuinua watu vitandani. Mgongo ukigoma mwaka huu utakuwa na hasara ya hisa, kodi na adhabu, vyote siku moja.

Imebaki hofu yake ya kwanza, kwamba pesa za wafanyakazi zinapandisha kampuni kubwa bila kipimo. Hii siipuuzi. Wachumi Xavier Gabaix na Ralph Koijen wamekadiria kwamba dola 1 mpya inayoingia kwenye hisa za Marekani inaweza kuongeza thamani ya soko lote kwa kama dola 5, kwa sababu wenye hisa wengi hawako tayari kuziuza kwa nyongeza ndogo. Wachumi wengine wanabishia ukubwa wa namba hiyo. Dimitri Vayanos wa London School of Economics na wenzake wamekwenda mbali zaidi: wanasema pesa za fahirisi zinazipandisha zaidi kampuni zilizo kubwa kabisa, hata kama zinagawanywa kwa kadiri ya uzito wa kila moja, kwa sababu anayetaka kwenda kinyume na kampuni kubwa inayopanda anabeba hatari nzito na wengi wanaogopa. Mimi naona hapo pana ukweli. Kampuni kumi za juu sasa zimebeba zaidi ya theluthi ya S&P 500, na aliyeweka akiba yake yote humo ajue kwamba jina "500" linaficha jambo.

Ila tazama hali yako. Unanunua dola 300 kila mwezi, bei ikiwa juu na ikiwa chini, na utauza kidogo kidogo ukiwa mzee. Ukisikia moyo hautulii, uliza ofisi ya waajiriwa kama kwenye orodha ya mifuko yenu umo wa dunia nzima au wa kampuni zote za Marekani zikiwemo ndogo, uhamishie sehemu ya michango inayokuja. Kuhamisha ndani ya akaunti hakukutozi kodi. Hilo lifanye kwa wasaa wako, baada ya zamu, na chai. Na mpwa wako mwambie anipigie hodi mwenyewe, nitafurahi kuzungumza naye; kijana anayeuliza bei inatoka wapi ni wa kutunzwa.

SWALI

Habari za kazi mama. Nina miaka 26, naishi Nairobi, Githurai. Nanunua hisa za Safaricom pole pole, mwezi huu mia, mwezi ujao mia mbili. Nasikia mambo ya mifuko ya fahirisi Marekani. Je, hapa kwetu inagusa bei zetu, au tuko mbali nayo?

*Kijana wa Githurai*

JIBU

Nzuri, kijana wangu. Inakugusa, na mkono unaokugusa unatoka mbali kuliko unavyodhani.

Kenya imo kwenye fahirisi ya masoko machanga ya MSCI, kampuni inayotunga fahirisi za hisa za dunia, ile ya "Frontier", na kampuni zinazobeba uzito wetu humo ni zilezile unazozijua: Safaricom na mabenki makubwa. Mfuko wa London unaofuata orodha ile hauna haja ya kumjua mtu yeyote Nairobi. Orodha ikibadilika, nao unabadilika. Kuwait ilipopandishwa daraja kutoka kundi hilo mwishoni mwa 2020, nafasi yake kubwa ilibaki wazi, na uzito wa nchi zilizobaki, Vietnam kwa wingi na Kenya kwa kiasi chake, ukaongezeka. Hakuna aliyekuwa amefanya jambo lolote Westlands wala Upper Hill. Orodha ndiyo iliyosogea.

Tofauti yetu na Marekani ni kina cha maji. Kampuni zilizoorodheshwa Nairobi hazifiki 70. Safaricom ilipouzwa kwa umma mwaka 2008, kwa shilingi 5 hisa moja, iliyotolewa ni robo tu ya kampuni, hisa bilioni 10 kati ya bilioni 40. Zilizobaki zilikuwa mikononi mwa serikali na kundi la Vodafone, watu ambao hawaamki asubuhi kuuza. Kwa hiyo ukisikia thamani ya Safaricom ni kubwa mno sokoni, kumbuka kwamba zinazozunguka kweli ni chache kuliko jina. S&P waliliona tatizo hili kwao, na mwaka 2005 wakabadilisha hesabu, uzito ukahesabiwa kwa hisa zinazoweza kununuliwa tu. Fahirisi inayohesabu hisa zote, zikiwemo zilizofungwa kabatini, inawalazimisha wanaoifuata kugombania kidogo kilichopo, na bei inarushwa.

Safaricom angalau ina maji ya kutosha. Mgeni akiuza leo, wewe na wenzako mnaweza kumeza. Kwenye hisa za kampuni ndogo ni hadithi nyingine. Kuna hisa Nairobi, na Dar es Salaam ni zaidi, ambazo siku nzima inapita bila mkono kubadilika. Mfuko wa fahirisi ukianza kununua humo kwa pesa nyingi, bei itapaa bila sababu yoyote ya biashara, na siku wenye mfuko watakapotaka pesa zao, mlango wa kutokea utakuwa mwembamba kuliko wa kuingilia. Ndiyo maana mifuko ya fahirisi ikija kwa nguvu kwetu, ningependa ianze na hisa chache zenye wanunuzi wa kila siku.

Wewe endelea na mia zako. Fanya jambo moja dogo: unapoweka oda ya kununua, andika bei ya mwisho utakayokubali, usiache wazi. Siku ambayo mgeni ananunua kwa bei yoyote hutajua, na oda yako isiyo na bei itabebwa na mkondo wake.

SWALI

Assalaam alaykum Bibi. Mimi niko Maskati. Mifuko hii ikinunua hisa za kampuni kwa mabilioni, je, pesa zinaifikia kampuni yenyewe? Maana watu husema "wamewekeza Tesla".

*Baba wa Maskati*

JIBU

Wa alaykum salaam. Hazifikii. Mfuko unanunua kutoka kwa mtu aliyekuwa na hisa, na pesa zinaingia mfukoni mwa mtu huyo. Kampuni ilipata pesa zake siku ilipotoa hisa kwa mara ya kwanza.

Lakini kampuni inaweza kuutumia msukumo huo, na Tesla ilifanya hivyo waziwazi. Tarehe 8 Desemba 2020, siku 13 kabla ya kuingia S&P 500, huku kila mtu akijua mifuko lazima inunue, ilitangaza kwamba itatoa hisa mpya na kuziuza sokoni hadi zifike thamani ya dola bilioni 5. Kwa bei ya tarehe 16 Novemba ingelazimika kutoa zaidi ya hisa milioni 12 kupata pesa hizo. Bei ilipokuwa imepita dola 600, hisa kama milioni 8 zilitosha.